Saikolojia kwa Bei ya Makochi

Jumamosi, 6 Machi

Nafasi yangu ya kusomea saikolojia nimeipoteza jana, Ijumaa tarehe tano, saa kumi jioni, dirisha la mhasibu wa chuo lilipofungwa mbele ya pua yangu.

Sikuchelewa. Nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa amenihakikishia, kwa mdomo wake, mara mbili: "Dada, hiyo niachie mimi. Nalipa moja kwa moja chuoni. Wewe kachukue risiti tu." Nikaenda kuchukua risiti. Yule dada wa dirishani akatafuta jina langu kwenye kompyuta, akatafuta tena, akageuza uso kama daktari mwenye habari mbaya. "Hakuna kilichoingia, mama." Nikampigia mdogo wangu. Ikaita mpaka ikachoka. Pesa yangu mwenyewe ilikuwa benki, na benki zilikuwa zimeshafunga.

Leo mvua imeanza. Nimenunua daftari hili dukani ili niwe na mtu wa kumwambia.

Jumatatu, 8 Machi

Mvua. Gundi haikauki.

Mdogo wangu ametuma ujumbe: "Samahani sana dada, mambo yaliingiliana. Tutaongea." Basi. Mambo yaliingiliana! Kama ni nyuzi za cherehani ningeyatatua mwenyewe.

Alhamisi, 11 Machi

Sijajibu. Naye hajauliza kwa nini sijajibu.

Jumatatu, 15 Machi

Niandike mambo yalivyo, maana hasira bila hesabu ni kelele.

Mimi ni fundi wa kuvisha makochi. Nilianza na sindano ya mkono na kiti kimoja cha kuazima. Sasa nina karakana, cherehani mbili na wateja wanaonisubiri. Nyumbani tulikuwa wanne. Wazazi walipotutoka nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mimi ndiye mkubwa. Nikamsomesha anayenifuata, kaka yetu mhasibu. Alipoanza kazi akaniletea bahasha. Nikaikataa. Nikamwambia, mbele ya wenzake: "Kwetu mtu harudishi. Anayelipiwa anamlipia anayefuata." Tukaiita ngazi. Mhasibu akamsomesha dada yetu nesi. Nesi akamsomesha kitinda mimba, ambaye leo anajenga minara ya simu na kulala hoteli. Hakuna aliyewahi kumdai mwenzake. Watu walitusifu, nami nilizila sifa zao bila kunawa mikono.

Mwaka jana, kitinda mimba alipopandishwa cheo, alisimama mbele ya wageni akasema mimi ndiye mzizi, na kwamba siku nikitaka kusoma ataubeba mzigo huo yeye. Watu wakapiga makofi. Mimi nikamwamini, kwa sababu sisi hatuna tabia ya kusema uongo mbele ya wageni.

Jumatano, 17 Machi

Yule mzee amekuja tena.

Ni mjane, mwalimu mstaafu. Aliniletea kochi lake la watu wawili wiki mbili zilizopita. Kitambaa kimeoza, sponji imekuwa unga. Upande wa kushoto kuna shimo, mahali mkewe alipokuwa akikaa miaka yote ile. Aliniambia, "Badilisha vyote, mwanangu. Lakini shimo usiliondoe."

Nilicheka nikidhani ananitania. Hakucheka.

Leo aliuliza kama limekauka. Nikamwambia kwa mvua hii hata machozi hayakauki. Neno lilinitoka kabla sijalipima. Akatikisa kichwa, akakaa kwenye kigoda karibu na kochi lake bila kuligusa, mpaka mvua ilipopungua. Mimi niliendelea kugonga misumari kwa sababu sikujua la kusema.

Hiyo ndiyo sababu ya kutaka saikolojia. Miaka yote watu wameniletea makochi ya ndoa zilizovunjika, ya waliofariki, ya watoto waliohama. Wanazungumza huku napima. Mimi hujibu urefu na upana.

Jumamosi, 20 Machi

Kodi nimelipa. Kazi moja tu wiki nzima.

Jumatano, 24 Machi

Kuna usajili mwingine mwezi wa tano. Nimeamua kutafuta chuo upya, safari hii kwa hesabu. Kile nilichokikosa nilikitazama ada yake tu, kama mtu anayenunua kochi kwa kuangalia kitambaa. Sasa nitapasua nione fremu.

Huwa nahesabu kwa seti. Seti moja ni kile kinachobaki mkononi nikishavisha makochi ya sebule moja, baada ya kutoa kitambaa, sponji, gundi na kodi ya karakana. Kiangazi napata seti sita kwa mwezi. Nne nakula, mbili naweka. Masika napata mbili. Bado nakula nne. Tumbo halijui majira.

Jumamosi, 27 Machi

Nimekwenda kile chuo kilicho juu ya duka la vifaa vya umeme, ghorofa ya nne. Nakiita Ghorofa. Tangazo lao linasema: "Saikolojia kwa bei nafuu, lipa kidogo kidogo." Mapokezi kulikuwa na kijana mwenye tai.

"Karibu mama. Mtoto umemwacha wapi?"

"Mtoto gani?"

"Anayekuja kujiunga."

"Ndiye huyu umemkaribisha."

Akavuta kiti. "Sawa kabisa. Elimu haina mwisho, mama."

"Ina ada lakini. Nitajie."

Akaitaja. Nikamwuliza kuhusu usajili, mitihani, maktaba, kitambulisho. Kila nilipouliza alikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa na bei. Kulikuwa hata na malipo ya "maendeleo". Nikamwuliza ni maendeleo ya nani. Akacheka kwa adabu.

Ada seti kumi na tano kwa mwaka, vidogo vidogo seti mbili, miaka minne. Sitini na nane. Masomo ni ya jioni, kwa hiyo karakana haifungwi. Lakini ndiyo bei ya kochi la mfalme.

Jumanne, 30 Machi

Seremala wa mlango wa pili, anayenichongea fremu, ameona makaratasi yangu.

"Saikolojia ndiyo kusoma akili za watu, siyo? Hebu nisome mimi."

"Wewe ni ukurasa mmoja, na umechanika."

Alicheka mpaka akaangusha randa. Kisha akauliza, taratibu, "Lakini fundi, ukishasoma utatuacha?" Sikujua kwamba kuna mtu angeuliza hilo.

Jumamosi, 3 Aprili

Chuo cha pili kinafundisha kwa simu na kompyuta, huendi popote. Hicho nakiita Simu. Ada seti sita kwa mwaka, vifurushi vya intaneti seti moja. Kwa miaka minne ni ishirini na nane. Niliona nimepata. Nikapiga namba yao kuuliza swali moja: nikimaliza, naruhusiwa kukaa na mtu mwenye shida nikamsikiliza kama kazi?

Mama aliyepokea alikuwa mkweli, Mungu ambariki. Alisema hapana. Shahada yao haina mazoezi ya kukaa na watu chini ya msimamizi. Bila mazoezi huwezi kusajiliwa kuwa mshauri. Itabidi uongeze mwaka mzima kwingine. Nimeuliza huko kwingine: seti ishirini na nne. Jumla hamsini na mbili.

Bei ya kwanza ni ya kukuingiza dukani.

Jumanne, 6 Aprili

Kochi la watu watatu haliwezi kujaribiwa na mtu mmoja. Springi za kati hazisemi ukweli mpaka pande zote zikaliwe. Zamani tulikuwa tunakaa wote nyumbani, hawa wadogo zangu wakirukaruka, mimi nikisikiliza mlio. Leo nimekalisha magunia mawili ya vipande vya sponji, moja kulia, moja kushoto, nami nikakaa katikati.

Springi moja ililia. Nimeirekebisha.

Ijumaa, 9 Aprili

Kwenye kundi letu la familia la simu, mhasibu ameweka picha ya mwanawe amevaa sare mpya ya shule ya bweni. Nesi ameweka mioyo. Kitinda mimba ameweka makofi. Nimeandika, "Hongera mwanangu, soma kwa bidii." Wote wamesoma. Hakuna aliyeniuliza mimi nimefikia wapi.

Jumatano, 14 Aprili

Leo nimerudia hesabu ya kile chuo cha kwanza, chenye mnara wa saa, nilichokikosa mwezi wa tatu. Ada yake seti nane kwa mwaka, miaka mitatu, ishirini na nne. Ndiyo iliyonivuta. Lakini masomo yake ni ya mchana. Karakana ingefungwa nusu ya siku, na wateja wa makochi huja mchana. Hakuna anayebeba kochi baada ya kazi. Ningepoteza kwa wastani seti mbili kila mwezi wa masomo. Miezi tisa kwa mwaka, miaka mitatu: hamsini na nne. Jumla sabini na nane.

Sabini na nane! Chuo chenye ada ndogo kuliko Ghorofa ndicho ghali kuliko vyote. Ningefunga duka mwaka wa pili.

Kwa hiyo kitinda mimba aliniokoa bila kujua. Nimelikalia wazo hilo mchana kutwa, nikiligeuza huku na huku. Hapana. Mtu akikusukuma ukaangukia nyasi badala ya mawe, bado amekusukuma.

Jumapili, 18 Aprili

Mvua kutwa. Sikusema neno na mtu yeyote. Jioni nilimwambia paka wa jirani ahame mlangoni, sauti yangu ikatoka kama bawaba.

Ijumaa, 23 Aprili

Kochi la mzee limekamilika.

Shimo halibaki kwa kulinyamazia. Sponji ya zamani ikitoka, nalo linatoka. Kwa hiyo kabla ya kupasua nililipima kwa karatasi, kina na mzunguko, kama anayeshona nguo ya mtu asiyekuwepo. Kisha nikachonga sponji mpya kwa kisu chembamba, nikaipunguza kidogo kidogo, na kuipangusa kwa kiganja mpaka ikafanana.

Tumelipeleka kwake kwa mkokoteni, chini ya turubai. Tulipoliweka mahali pake akasimama mbali, akalitazama. Akakaa upande wa kulia. Kisha akasema, "Kaa hapo, mwanangu, nione kama limetoka sawa."

Nikakaa kwenye lile shimo. Halikunienea. Lilikuwa la mwanamke mwembamba kuliko mimi, na aliyeegemea kidogo upande wa mumewe. Hilo la kuegemea sikulijua nilipokuwa napima. Nimelijua kwa mgongo.

Mzee akanishika mkono kwa vidole viwili, akauachia, akaniuliza kiasi gani cha malipo kimebaki. Nikamwambia hakuna. Kulikuwa kumebaki.

Njiani nilijiuliza: nimemsaidia, au nimemchongea kidonda akae nacho? Seremala, aliyekuwa anasukuma mkokoteni, alisema, "Ametulia." Lakini ametulia vipi? Kuna utulivu wa aina mbili na mimi siwezi kuzitenganisha. Nataka kujua. Sitaki cheti cha ukutani. Nataka kujua.

Jumapili, 25 Aprili

Nimekwenda chuo cha tatu, ninachokiita Mbali, saa nne kwa basi. Jengo dogo, rangi imechubuka, vyoo visafi. Masomo Jumamosi na Jumapili mbili kwa mwezi. Mazoezi ya kukaa na watu yamo ndani ya ada. Darasani niliona mwanamke wa umri wangu akibishana na mhadhiri kuhusu usingizi, na mhadhiri akisikiliza.

Ada seti tisa kwa mwaka. Nauli, kitanda cha kulala na Jumamosi nitakazofunga karakana, seti tatu. Kumi na mbili kwa mwaka, miaka minne: arobaini na nane. Mbali inawashinda wote, na inanitoa nikiwa na ruhusa ya kufanya kazi.

Akiba yangu kwa mwaka: miezi tisa ya kiangazi mara mbili, kumi na nane. Toa miezi mitatu ya masika mara mbili, sita. Kumi na mbili kamili. Uzi umetosha tundu la sindano.

Ila wanataka ada ya mwaka wa kwanza yote mkononi, seti tisa, kabla ya Ijumaa tarehe 21 Mei saa kumi jioni. Mvua ilipoanza nilikuwa na kumi. Ikifika siku hiyo nitakuwa nimebaki na tano.

Pengo ni seti nne.

Jumatano, 28 Aprili

Nimempigia nesi. Alikuwa zamu, sauti ya uchovu. "Dada yangu, mimi zamu yangu ya ngazi nilishamaliza. Nilimbeba mtu wangu mpaka mwisho. Na ninajenga." Mhasibu naye: "Dada, unajua navyokuheshimu. Lakini mimi nilishapanda kipandio changu." Kila mmoja ananijibu kwa maneno yangu mwenyewe.

Benki wamesema makochi ya wateja si dhamana. Seremala angenikopesha, lakini mbao zake zimelowa kama kazi yangu.

Jumapili, 2 Mei

Leo kitinda mimba amekuja. Hakunipigia kwanza. Nilisikia gari, nikamwona akiruka madimbwi na viatu vyake vya kazini. Akakaa kwenye kochi la mteja bila kuuliza, kama alivyokuwa akifanya utotoni, na mimi nikaudhika na nikafurahi kwa wakati mmoja.

"Dada, umekonda."

"Masika hunikondesha kila mwaka. Hukuwahi kuja masika."

Akainamisha kichwa. Nikamwambia aseme alichojia.

"Ile ada. Nilikuwa nayo, dada, naapa. Wiki ile ile mhasibu akanipigia, mtoto wake amepata shule ya bweni, wanataka malipo yote. Pesa ilikuwa moja."

"Ukampa mtoto."

"Nikampa mtoto."

"Mhasibu ana mshahara."

"Ana mshahara na ana mkopo wa nyumba. Lakini siyo hilo, dada." Akanyanyua macho. "Wewe ndiye uliyesema. Anayelipiwa anamlipia anayefuata. Mimi nililipiwa na nesi. Baada yangu hakuna mwingine tumboni mwa mama. Anayefuata ni nani? Ni yule mtoto. Nimefuata ulivyotufundisha."

Nilikuwa nimeshika mkasi. Nikauweka mezani.

"Na mimi?"

"Wewe ni wa kwanza, dada. Wewe uko juu."

"Juu ya nini?"

Akasema kwa upole, na upole ndio ulioniuma, "Tulidhani unataka kujishughulisha tu. Mhasibu alisema ni semina ya wiki mbili. Kumbe ni shahada nzima! Dada, una kazi yako, una jina lako mjini. Unakosa nini?"

Nikamwonyesha magunia mawili ya vipande vya sponji. Nikamwambia, "Hawa ndio wewe na nesi. Nikitaka kujaribu kochi nawakalisha."

Alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka. Akayatazama yale magunia muda mrefu, akainuka, akasogeza moja, akakaa mahali pake. Nami nikakaa katikati. Springi hazikulia. Tulikaa hivyo, tukisikiliza mvua juu ya mabati, na sikuwa nimekaa karibu na ndugu yangu tangu sijui lini.

Nikamweleza hesabu yote: Ghorofa, Simu, Mnara, Mbali. Alizifuata namba vizuri. Nesi hakupoteza pesa zake kumsomesha. Nikamwambia pengo ni seti nne, na nikamgeuzia seti hizo kuwa fedha ili asiseme hakuelewa. Miaka mingine mitatu nitajibeba.

"Nitafikiria, dada," alisema mlangoni. "Muhula wa pili wa mtoto nao unakuja."

Nilikuwa nikimwita mwizi kichwani mwangu tangu mwezi wa tatu. Siyo mwizi. Ni mtoto mtiifu kuliko wote. Ngazi niliijenga mimi, nikaisimamisha ukutani, nikawapandisha mmoja mmoja, na hakuna hata siku moja mtu aliyegeuka kuuliza aliyeishika chini atapanda lini. Nami sikuwahi kusema. Nilidhani wanajua.

Jumamosi, 8 Mei

Kimya.

Jumatano, 12 Mei

Kimya. Mvua imepungua. Mzee amepita na mwavuli kunisalimia tu, hana kochi jingine. "Siku hizi nakaa upande ule mchana," alisema, "na usiku nakaa upande wangu." Nikamwuliza anajisikiaje akikaa pale. Ndilo swali la kwanza nililowahi kumwuliza mteja lisilo na kipimo. Alikaa kwenye kigoda akanijibu mpaka chai ikapoa.

Jumapili, 16 Mei

Bado. Ametuma kundini picha ya mnara.

Jumanne, 18 Mei

Jua limetoka kamili. Gundi imekauka kwa saa moja. Nimefungua milango yote miwili ya karakana na nimeandika ujumbe huu mara tatu. Nanakili hapa ule niliotuma, ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba niliomba kwa unyonge.

"Mdogo wangu. Sikudai nilichomlipia mhasibu. Hilo nililisamehe siku ile ile nilipolitoa, na sitalirudisha mdomoni. Sikuombi unihurumie. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye wa mwisho, na ulisema mwenyewe hujui ngazi inaendelea wapi baada yako.

Sheria ni yangu na naisoma kama ilivyo. Haikusema anayefuata kuzaliwa. Ilisema anayefuata. Kwetu tulikuwa wanne. Watatu wamesoma. Mtoto wa kaka yako ana baba, ana mama, na ana miaka mingi mbele yake ya kufikiwa na zamu. Mimi nina seti tano na Ijumaa moja.

Usinijibu 'tutaongea'. Usinijibu 'nitafikiria', umeshafikiria siku kumi na sita. Usiniwekee makofi kundini. Ukisema ni mtoto, nitakubali, nitafunga daftari langu, na sitakununia. Nitajua tu kwamba nilijenga nyumba isiyokuwa na chumba changu. Ukisema ni mimi, tuma pesa kwangu, siyo chuoni. Safari hii nitakwenda dirishani nikiwa nazo mkononi.

Ijumaa, kabla ya saa kumi jioni, nijibu kwa neno moja: anayefuata ni nani?"